Gari la Viti Viwili, Taa Moja ya Njano na Swali Alilouliza Mama Junior Mara Mbili

Jina linabaki kapuni, lakini ukiwa mkazi wa Nyakato, kuanzia Buzuruga mpaka National, jamaa huyu utakuwa umeshamjua kwa gari kabla hujamjua kwa sura. Ni MC. Ndiye anayeshika maiki kwenye sendoff na harusi za watu wenye nafasi zao Mwanza. Mkoko wake ni Nissan 350Z ya mwaka 2006, rangi ya fedha, milango miwili, viti viwili, injini ya V6 ya lita 3.5. Wajapani wanaiita Fairlady Z. Watoto wa mtaani kwake wanaiita "ndege".

Wengi wanaona ni sifa tu. Kwenye kazi ya u-MC, gari ni sehemu ya bei. Kamati ya harusi ikikuona unashuka kwenye bodaboda na suti iko kwenye mfuko, inakupigia hesabu ya bodaboda. Ukishuka kwenye kitu chenye mngurumo ule, mwenyekiti wa kamati anakaa vizuri kwenye kiti hata kabla hujataja bei. Jamaa alilinunua kwa mtu wa Dar es Salaam aliyekuwa amelitoa Uingereza, na ndani ya miezi sita bei yake kwa shughuli moja ilikuwa imepanda karibu mara mbili. Kwa hiyo ukimwambia auze, unamwambia afunge ofisi.

Shida ya gari la viti viwili ni hesabu. Jamaa ana mke na mtoto wa miaka mitatu. Jumapili mama na mtoto wanapanda bajaji kwenda kanisani, baba anafuata nyuma na ndege. Mtaa mzima umeshacheka hilo, na mke mwenyewe alikuwa anacheka. Kilichokuja kumchosha ni kitu kingine kabisa.

"Hiyo ya kawaida tu"

Ukiwasha lile gari, kwenye dashibodi ilikuwa inakuja taa ya njano inayofanana na sufuria iliyokatwa katikati, ndani yake alama ya mshangao. Inapepesa kama dakika moja, halafu inatulia na kuwaka moja kwa moja mpaka uzime gari.

Mke aliiuliza wiki ile ile gari lilipofika Mwanza. Akajibiwa, "Magari ya Ulaya ndivyo yalivyo, Mama Junior, taa nyingi." Akauliza tena siku ya Pasaka, wakiwa foleni ya Mabatini. "Hiyo ya kawaida tu." Mara ya tatu hakuuliza. Alitoa simu aipige picha amtumie kaka yake, na mahali pa taa akakuta kipande cha plasta nyeusi.

Plasta aliibandika jamaa mwenyewe, kwa sababu taa ilikuwa inamharibia video. Kila akiposti Instagram anakatiza Capri Point jioni, ziwa pembeni, muziki juu, lazima atokee mtu kwenye komenti: "Bro, jaza upepo." Akaona isiwe tabu.

Jumamosi moja wakatoka wote kwenye sherehe Magu, saa saba usiku. Mke alikuwa na mimba ya miezi minne ambayo walikuwa hawajamwambia mtu, hata mama mkwe. Njiani jamaa alihisi gari zito kidogo upande wa nyuma. Akadhani ni barabara. Hawajafika Kisesa, mkia wa gari ukayumba kulia, ukarudi kushoto, ukataka kwenda moja kwa moja. Jamaa alishikilia usukani, hakukanyaga breki kwa pupa, gari likapungua mwendo lenyewe na kusimama pembeni, mita chache kutoka mtaroni. Harufu ya mpira ulioungua ikaingia mpaka ndani.

Hakuna aliyeumia. Tairi la nyuma kulia lilikuwa limesagika kwa ndani mpaka nyaya zinaonekana. Lilikuwa halijapasuka ghafla: lilikuwa limevuja polepole na kutembea bila upepo wa kutosha kwa muda mrefu. Tairi lenye ukuta mfupi kama lile halikuambii kwa macho. Linaweza kupoteza robo ya upepo wake na ukiliangalia bado limesimama vizuri. Wakafunga tairi la akiba, lile jembamba la dharura, wakarudi Nyakato mwendo wa kobe.

Usiku ule mke hakusema neno.

Jumatatu gereji

Nyakato ndiko kwenye viwanda, kuna SIDO, na gereji ni nyingi kuliko maduka ya soda. Jamaa akaenda kwa fundi tairi wake wa siku zote. Mke akaomba waende wote.

Fundi akabandua tairi kwenye rimu, akachungulia ndani, akatoa kidude cheusi kinachotosha kwenye kiganja, kimeshikana na valvu. "Bosi, hii sensa ilishakufa zamani. Na nyingine zitakuwa hivyo hivyo. Kama taa inakusumbua, kuna fundi umeme pale ng'ambo, kwa elfu kumi anakuzimia kabisa, hutaiona tena maishani."

Pembeni alikuwepo dogo mmoja anayepima magari kwa kompyuta. Akaingilia kwa adabu: "Samahani kaka, asikuzimie. Hiyo taa ikipepesa kwanza halafu ikatulia, haisemi tairi halina upepo. Inasema mimi nimekuwa kipofu, siwezi kukwambia chochote. Sasa ikiwa kipofu na wewe ukaiziba, mko vipofu wawili."

Jamaa akacheka, akataka kuonyesha naye anajua. "Hata aliyeniuzia aliniambia toka mwanzo. Sensa zimeisha betri, ukipata hela badilisha."

Mke alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma yake.

"Kwa hiyo Baba Junior, ulikuwa unajua."

Pale gereji pakawa kimya, hata aliyekuwa anagonga bodi aliacha kugonga. Dada akanyanyuka, akasimamisha bajaji, akaondoka. Jioni alisema maneno machache ambayo jamaa amewasimulia washkaji zake zaidi ya mara moja: "Pancha siikasirikii, pancha ni ya Mungu. Nakasirika kwamba nilikuuliza mara mbili, ukanijibu kama mtoto. Nimekaa kwenye kile kiti na tumbo hili, na wewe unajua."

Akaongeza kwamba hapandi tena lile gari mpaka taa izimike yenyewe, siyo kwa plasta.

Sensa hizi siyo zile za Agosti 2022

Kwa ambao wakisikia sensa wanawaza makarani wa watu na makazi wa Agosti 2022, hizi ni nyingine. Ndani ya kila tairi kuna kidude chenye kipima upepo, redio ndogo na betri. Gari likisimama kinalala kutunza betri. Tairi likizunguka kinaamka, kinatuma ujumbe kwa redio: namba yangu ni hii, upepo wangu ni huu. Kila kimoja kina namba yake ya pekee, na gari limekariri namba nne tu. Ujumbe wa namba ngeni halina habari nao.

Betri yenyewe imefungiwa humo humo, kwa kawaida haibadilishwi. Inaishi miaka 5 mpaka 10 hivi, halafu kidude kizima kinatupwa. Sasa piga hesabu ya gari la 2006. Zote nne zilizaliwa siku moja, na kufa zinakufa zikifuatana. Ndiyo maana mafundi wazoefu wanashauri ukibandua matairi, badilisha zote nne kwa mpigo. Kazi ya kubandua na kubalansi unalipia mara moja.

Na ile taa haikuwekwa kwa urembo. Ilianzia kwenye magari ya kishua, Porsche 959 ya mwaka 1986. Iliyoifanya iwe ya kila mtu ni misiba. Mwaka 2000 huko Marekani, matairi ya Firestone, mengi yakiwa kwenye Ford Explorer, yalikuwa yanabanduka tabaka la juu gari likiwa kwenye mwendo, na gari kupinduka. Watu zaidi ya 200 walipoteza maisha. Upepo mdogo na joto vilikuwa kati ya mambo yaliyojadiliwa sana. Mwaka huo huo ikapitishwa sheria, na kufikia Septemba 2007 magari mapya madogo yote ya Marekani yalilazimika kuwa na mfumo wa kumwonya dereva tairi likipungua robo ya upepo. Ulaya wakafuata: kuanzia Novemba 2014 kila gari dogo jipya linalouzwa kule lazima liwe nao.

Kwa nini robo tu ni ishu? Tairi lenye upepo mdogo linajikunja kila linapogusa lami, linajikunjua, linajikunja tena. Kwa kilomita 90 kwa saa ni mara nyingi sana kila dakika. Kujikunja kunaleta joto, joto linaachanisha tabaka za mpira. Kilichotokea kabla ya Kisesa ndicho hicho hicho.

Laki tatu na nusu za kwanza zilipotea

Jamaa akaamua kumaliza. Akaingia mtandaoni usiku, akaandika "Fairlady Z", akaagiza sensa nne, akalipa kama laki tatu na nusu. Zikafika. Fundi akafunga, dogo akaunganisha kompyuta kwenye soketi chini ya usukani. Gari halikusikia hata moja.

Hapa ndipo wengi wenye magari ya kuagiza wanapopigwa. Sensa za Marekani na Japani kwa kawaida zinaongea kwenye masafa ya megahezi 315. Za Ulaya ni 433. Gari la jamaa limetoka Uingereza, kwa hiyo masikio yake yako 433, na yeye amenunulia jina la Kijapani akaletewa 315. Ni sawa na kuwasha redio 89 wakati kituo kiko 102. Sensa ni nzima, gari ni zima, ila hawasikilizani.

Alitaka kukata tamaa. Alimpigia mkewe kumwambia kwamba ametimiza, hela imetoka, basi waache tu. Mke akamuuliza swali moja: "Taa imezimika?" Akakata simu yeye mwenyewe.

Mara ya pili alimwachia dogo aagize. Dogo hakuangalia jina la gari. Alichukua moja ya sensa za zamani, akasoma maandishi yaliyoko mgongoni, masafa na namba ya kifaa, akaagiza zinazofanana na hizo. Zilipofika, kazi ikaenda hivi, na mwenye gari la aina hii anaweza kuinakili:

Kwanza, fundi tairi aliambiwa valvu iko wapi kabla hajaanza kubandua. Sensa nyingi zinavunjwa na mafundi, siyo na barabara. Ukikandamiza ukuta wa tairi pale pale penye valvu, umeshaipasua.

Pili, kila sensa ilifungwa na mpira wake mpya na nati yake mpya, ikakazwa kwa kipimo, siyo kwa hasira. Na ile pini ndogo ya ndani ya valvu iliwekwa ya rangi ya fedha, siyo ya shaba ya njano. Shaba na aluminiamu zikikutana na unyevu zinakulana, siku nyingine unataka kujaza upepo valvu inabaki mkononi.

Tatu, upepo ulijazwa tairi likiwa limepoa, asubuhi, PSI 35 kama stika ya mlangoni inavyosema. Ukijaza saa nane mchana tairi limetoka kutembea, unajidanganya, maana kila nyuzi 10 za joto zinaongeza karibu PSI mbili.

Nne, dogo akapita na kifaa chake tairi kwa tairi, kuanzia mbele kushoto, akiamsha sensa moja moja na kusoma namba yake. Kisha akaziandika namba zote nne kwenye kumbukumbu ya gari. Hii ndiyo hatua inayorukwa. Sensa mpya ambayo gari halijaambiwa namba yake haina tofauti na iliyokufa.

Tano, wakatoka nalo kuelekea Igoma, mwendo wa zaidi ya kilomita 40 kwa saa, bila kusimama simama. Baada ya dakika kadhaa taa ikazimika yenyewe. Jamaa alipiga video ile dashibodi tupu. Hakuiposti. Alimtumia mtu mmoja tu, na majibu yalikuja baada ya saa nzima: "Toa na plasta."

Siku taa iliposema ukweli

Wiki tatu baadaye, Jumapili, Mama Junior alikubali kupanda. Mtoto aliachwa kwa bibi. Safari ilikuwa kwenda kuona Daraja la J. P. Magufuli, lile la Kigongo na Busisi, kilomita 3 juu ya ziwa, lililofunguliwa Juni 2025. Yeye alikuwa hajawahi kulivuka.

Walipokaribia Usagara, taa ikawaka. Safari hii haikupepesa. Iliwaka moja kwa moja, ikatulia.

Kuna watu watasema hapo ndoa ilikuwa inaisha. Ilikuwa kinyume. Jamaa hakusema "ya kawaida tu". Alipunguza mwendo, akaingia kituo cha mafuta, akashuka na geji. Mbele kushoto, 25. Msumari ulikuwa umezama kwenye tairi, upepo unatoka taratibu, kwa macho huoni kitu. Pancha ikazibwa kwa elfu chache, upepo ukajazwa, wakaendelea. Daraja walilivuka jioni, jua linazama upande wa Busisi.

Mke alisema baadaye kwa shoga yake kwamba siku ile ndiyo alianza kumwamini tena, na siyo kwa sababu ya sensa. Ni kwa sababu taa iliwaka na mwanaume akasimama.

Kwa ambao hawana hela ya seti nzima, yule dogo wa Nyakato ana jibu ambalo halimwingizii hata shilingi. Kuna vifuniko vyenye sensa vinavyofungwa juu ya valvu kwa nje, na kioo kidogo cha kuweka juu ya dashibodi. Bei yake ni ndogo, na havihitaji kubandua tairi, ila vinaibika. Na kama hata hiyo hela haipo, geji ya kawaida haifiki bei ya sato mmoja wa maana pale Kirumba. Pima asubuhi, mara moja kwa mwezi na kabla ya kila safari ndefu. Hata mwenye sensa mpya apime, maana taa inasubiri robo ya upepo ipotee ndiyo iongee. Na ukiwa na geji, angalia na umri wa tairi lenyewe: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka. 1215 maana yake wiki ya 12 ya mwaka 2015, na tairi hilo limezeeka hata kama halijatembea.

Sasa hivi mimba imefika miezi saba. Mama mkwe ameshajua, mtaa umeshajua. Gari bado lina viti viwili, na familia inakwenda kuwa watu wanne. Jamaa anasema msimu wa harusi wa Desemba ukipita ndipo atafikiria kuuza. Mke hajamjibu. Kila Jumamosi asubuhi anatoka nje na khanga yake, anapima matairi manne kwa geji, anaandika namba kwenye daftari la matumizi ya nyumbani, chini ya unga na gesi.

Wadau, mngekuwa nyie mngeuza, au mngesubiri Desemba?